Kiatu cha Mama Dirishani

Agnes, mama yake Atupele, hakuwa mtu wa kufichika. Wanawake wengine wanaouza karanga kwenye foleni ya malori Tunduma huonyesha beseni tu na kungoja. Yeye aliuza kwa sauti. Tangu asubuhi alipita katikati ya malori, beseni kichwani, akiimba "Mbalala! Mbalala!", yaani karanga kwa lugha yao, kwa madereva wa Zambia, na akimaliza hao anawageukia wa kwetu kwa Kiswahili chake cha milima ya Ileje, kinachopanda na kushuka kama barabara ya kwao. Akikutana na mtu mzima alichuchumaa na kupiga makofi mawili ya salamu, beseni likiwa bado kichwani, na hakuna aliyewahi kuona karanga ikianguka. Madereva walimpenda. Askari wa barabarani walimpenda. Mtu mmoja tu katika mji ule alikuwa akiomba kila siku mama huyu akaukiwe sauti hata kwa wiki moja, na mtu huyo alikuwa mwanaye wa kumzaa.

Atupele alikuwa na miaka kumi na mitatu, na Januari hiyo alikuwa ameanza kidato cha kwanza. Walikuwa wamehamia mjini mwezi mmoja tu kabla, kwa sababu baba yake, Lwitiko, alipata kazi ya utingo kwenye malori ya Kongo. Lwitiko alionekana nyumbani mara moja kwa miezi miwili, akalala siku mbili mfululizo, akaondoka. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili, na mmoja wao alikuwa akiimba.

Siku ya kwanza shuleni Atupele aliambiwa asimame ajitambulishe. Darasa lilicheka kabla hajafika kwenye jina la ukoo, kwa sababu na yeye sauti yake ilipanda na kushuka. Tangu siku ile akawa anakula mihogo yake peke yake karibu na bomba la maji, akijifanya anasoma daftari la Jiografia. Alifanya hivyo wiki tano. Hebu jaribu wewe kusoma kwa wiki tano daftari lililoandikwa kurasa nne, uone.

Wiki ya sita msichana mmoja mrefu mwenye pengo alikuja akaketi pembeni yake bila kukaribishwa.

"Hilo daftari lina nini? Mbona humalizi kulisoma?"

Huyo ndiye Imelda. Alikuwa kitindamimba wa mzee Ezron, wakala wa forodha mwenye ofisi karibu na mpaka, ambaye pia alikuwa mjumbe wa bodi ya shule. Imelda angeweza kuwa na marafiki aliowataka, na kwa sababu anazozijua mwenyewe akamtaka Atupele.

"Mshua wangu ni mzee mpaka watu wanadhani ni babu yangu," Imelda alimwambia siku hiyohiyo. "Ana meno ya bandia. Juzi kapiga chafya, meno yakaingia kwenye ugali wa mgeni. Na mgeni mwenyewe mchungaji!"

Atupele alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hakuwa amecheka tangu washuke kwenye lori lililowaleta mjini na godoro lao. Kisha Imelda akamuuliza, "Na kwenu je? Bi mkubwa wako naye ana vituko?"

Hapo ndipo alipoharibu, na mimi nasema aliharibu kwa sababu nafasi ilikuwa mkononi mwake. Mtu ametoka kukupa meno ya baba yake, wewe ushindwe kumpa karanga za mama yako? Angesema tu, mama yangu anaimba kwenye foleni ya malori, na wangecheka wote wawili. Badala yake alijikohoza na kusema, "Mama yangu anafanya biashara. Anafuata mzigo Lusaka."

"Eeh! Kumbe bi mkubwa ni bosi. Ana gari?"

"Lipo gereji," akasema Atupele, na nina hakika hata yeye alijishangaa.

Uongo ule ulikaa vizuri tu kwa mwezi mzima. Waligawana mihogo, walisuka nywele Jumapili baada ya ibada, walirudi pamoja mchana hadi njia panda, na hapo Atupele alipata sababu ya kumuaga mwenzake kabla hawajaikaribia barabara ya malori. Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilimpa hofu, maana alijua imesimama juu ya uongo. Usiku aliota mama yake akichuchumaa mbele ya Imelda na kupiga makofi.

Mwezi wa tatu zikaletwa barua za kikao cha wazazi.

"Hatimaye nitamwona bi mkubwa," Imelda alisema. "Nitakaa dirishani kabisa."

Atupele alifikiria kuichana barua. Kisha akapiga moyo konde, akampa mama yake, na hapohapo akaanza kumpa masharti. Agnes alikuwa akipepeta karanga uani, akayasikiliza yote bila kuacha kupepeta.

"Usiwaletee walimu karanga."

"Hata kidogo? Mwalimu anafundisha na njaa?"

"Mama! Na usichuchumae. Mwalimu anasalimiwa kwa mkono, umesimama. Usipige kigelegele nikitajwa. Na usije na ndala."

Agnes akaitazama miguu yake. "Ndala hizi zina kasoro gani?"

"Wenzangu mama zao wanavaa viatu."

Mama mwingine angemnasa kibao. Agnes alicheka, akasema mtoto wa sekondari ana mambo, na siku mbili baadaye alivuka mpaka hadi Nakonde, akachagua kwenye lundo la mitumba viatu vyeusi vya kisigino kifupi, vyenye kifungo cha shaba pembeni. Akavifanyia mazoezi uani jioni tatu mfululizo, akienda na kurudi kama anayepita kwenye matope, huku Atupele akimrekebisha: mgongo, mama, nyoosha mgongo.

Jumamosi ya kikao wazazi walikaa kwenye madawati ya darasa jipya la kidato cha kwanza, ambalo fundi alikuwa hajaliwekea nondo madirishani. Wanafunzi walijipanga nje, viwiko kwenye madirisha. Agnes aliwahi. Alikuwa amevaa kitenge chake cha bluu cha kanisani, khanga safi mabegani, viatu miguuni. Alimsalimu mwalimu Brayson, mwalimu wa darasa, kwa mkono. Magoti yalitaka kukunjika kwa mazoea, Atupele akayaona, lakini Agnes akajikaza, akasimama wima, akaenda kuketi dawati la tatu. Hakuimba wala hakugawa kitu. Alikuwa amependeza.

Kule dirishani kifua cha mwanaye kilijaa. Kwa mara ya kwanza tangu wahamie alimtazama mama yake bila kutamani ajifiche.

"Haya, yupi?" Imelda akamkumbusha kwa kiwiko. "Nionyeshe."

"Yule pale mwenye..." Atupele alianza, na kidole kilikuwa kimeshanyanyuka.

Kikohozi kilisikika kutoka mlangoni. Kilikuwa kikohozi cha kizee, kirefu, chenye mkwaruzo mwishoni. Imelda akasema, "Huyo mshua," lakini Atupele hakumsikia vizuri, kwa sababu alikuwa anamwona mama yake akibadilika. Agnes alisikia kikohozi kile akashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Akaivuta khanga kutoka mabegani akajifunika kichwa chote, uso na vyote. Akateleza kutoka kwenye benchi hadi sakafuni. Kisha, mbele ya wazazi wote wa kidato cha kwanza, akaanza kutambaa chini ya madawati.

Kwanza watu walidhani ameangusha kitu. Mzee Ezron akaingia na shajara yake kwapani, akasalimia, akaenda kusimama mbele karibu na mwalimu, na ule mlango wa pekee ukawa umebaki upande wake. Khanga ile ikafika ukuta wa nyuma, ikakosa pa kwenda, ikasita. Halafu Agnes akashika ukingo wa dirisha, akajivuta juu tumbo kwanza, miguu ikapigapiga hewani ndani ya darasa, kiatu kimoja kikamtoka, na yeye akaangukia nje kwenye matope.

Aliangukia mbele ya Atupele. Tope lilimpata magotini na kwenye kitenge, na khanga ilikuwa imesogea ikaacha uso wazi. Ndani darasa zima lilikuwa linacheka, wanaume kwa wanawake, na sauti ya mzee Ezron ikasikika ikiuliza, "Yule ni mama wa nani? Anaumwa?"

 Agnes alinyoosha mkono ili mwanaye amwinue.

Atupele akaiweka mikono yake nyuma.

"We, unamjua?" Imelda akauliza.

"Simjui."

Mkono ule ulikaa hewani kidogo. Kisha Agnes akautumia kushika ukuta, akasimama, akajifunika tena, akaenda zake kwa mguu mmoja wenye kiatu na mmoja wa soksi, akiambaa na ukuta mpaka nyuma ya vyoo. Kule ndani mwalimu Brayson aliita majina. Alipofika kwa Atupele Lwitiko hakuitika mtu, akaandika kwamba mzazi hakuhudhuria.

"Kwani bi mkubwa ndiye yupi?" Imelda akauliza. "Ulikuwa unamwonyesha nani?"

"Nilimfananisha. Amekwama Lusaka."

Atupele alirudi nyumbani kwa kuzunguka mji mzima. Alitegemea kuchapwa, na kwa kweli alitaka achapwe. Alimkuta Agnes amekaa kwenye kigoda, mguu umo kwenye beseni la maji ya chumvi, anacheka peke yake.

"Umeona mama yako alivyoruka? Na umri huu!"

"Mama, kwa nini?" Atupele alilia. "Kwa nini umenifanyia vile?"

Agnes akashangaa. "Hukumtambua? Hapana, utamtambuaje, ulikuwa mgongoni. Yule ni mkwe wangu."

Akamweleza. Mzee Ezron alikulia kijiji kimoja na marehemu babu yake Atupele, walichunga pamoja, waliitana ndugu, na kwa Agnes ndugu wa mkwe ni mkwe. Alipoolewa tu aliambiwa: wazee hawa wasikuone uso, nawe usiwataje wala usipite njia wanayopita. Kila Krismasi mzee Ezron alipanda Ileje kumtembelea mwenzake, na Agnes alipika, akasukuma sahani kwa nyuma ya ukuta, akamsikia akisifu mboga. Alikijua kikohozi chake na mwendo wake. Yeye mzee hakuwahi kumwona. Babu alipofariki safari zile zikakoma kabla mtu hajamfungulia.

"Kumfungulia vipi?"

"Mkwe anapelekewa kuku. Akimpokea, unamnawisha mikono, mmemaliza, mnasalimiana kama watu. Mimi sikuwahi." Agnes akautoa mguu kwenye maji, akaufuta. "Kumkimbia mkwe si kumchukia, mwanangu. Ni heshima. Ndiyo maana nakushukuru."

"Unanishukuru?"

"Ungenitaja pale, angejua mke wa mtoto wake anaruka madirisha na miguu wazi. Ningeiweka wapi sura yangu? Umenisitiri. Sikujua kama umekua hivyo."

Hapo Atupele angesema. Alifungua mdomo kabisa. Lakini mama yake alikuwa anamtazama kwa fahari, na ni vigumu kuikataa fahari unayopewa bure hata kama unajua si yako. Akainama akamwaga yale maji.

"Niletee kiatu changu tu Jumatatu," Agnes akasema. "Kimebaki ndani."

Jumatatu kiatu kilikuwa kimewekwa kwenye ukingo wa dirisha la nyuma, kisigino kikitazama darasani. Mwalimu Brayson alisema kisiguswe, mwenyewe atakifuata. Kufikia Jumatano wavulana walikuwa wamekipa jina la Mheshimiwa. Walikipigia saluti wakiingia na kukiaga wakitoka. Mmoja alikitumia kufutia ubao. Atupele alikaa safu ya pili kutoka dirishani, akakiona kila aliponyanyua kichwa, kifungo chake cha shaba kikipata kutu kwa mvua iliyokuwa ikiingia.

Kukichukua kulihitaji kunyoosha mkono tu. Lakini angekichukua mbele ya nani? Darasa halikuwahi kuwa tupu. Aliwahi asubuhi, akawakuta wa zamu ya kufagia. Alichelewa jioni, Imelda akamngoja. Na kila jioni Agnes aliuliza, naye akawa na jibu: mwalimu hakuwepo, ofisi imefungwa, kesho mama.

Wiki ya pili Imelda alikuja na habari. Walikuwa bombani, wanakula mihogo.

"Nimemwuliza mshua kuhusu yule mama wa dirisha. Anasema si kichaa hata kidogo. Anasema kwao milimani mkamwana akimwona mkwe ndivyo anavyofanya, na yule kafanya kwa adabu ya zamani ambayo siku hizi hakuna. Ameguswa, aisee. Anauliza mji mzima ni mke wa nani. Anataka aletewe huyo kuku, amfungulie, awe anakuja nyumbani."

Atupele akaurudisha muhogo wake mfukoni.

"Mimi nilimpenda," Imelda akaendelea. "Angekuwa mama yangu ningemtembeza hadi Vwawa watu wamwone. Meno ya mshua hayafui dafu kwake."

Neno moja lilitosha. Neno hilo lingempa Agnes ndugu katika mji asio na ndugu, na kuku mmoja wa kienyeji angemaliza aibu ya miaka kumi na minne. Lakini Atupele alikuwa amelikalia muda mrefu mno. Kumtaja mama sasa kungekuwa kujitaja yeye, aliyemwona mama yake chini kwenye tope akaficha mikono. Imelda angesamehe karanga. Angesamehe hata gari la gereji. Hili, Atupele aliamini, hakuna rafiki angelisamehe, naye hangeweza kurudi peke yake kwenye daftari la Jiografia.

"Labda amehama," akasema.

Jumapili ya tatu Agnes alikwenda kanisani na ndala, kitenge cha bluu juu, ndala chini. Waliporudi alikiosha kile kiatu kilichobaki, akakipaka rangi, akauliza kwa upole kabisa, "Kwani Atu, ni ofisi ipi imefungwa? Jana nimepita nyuma ya shule na beseni langu. Kipo dirishani."

Atupele akatazama chini.

"Hata mtoto mdogo angekifikia," Agnes akasema.

Alingoja. Uani palikuwa na kuku wa jirani wanachakura maganda ya karanga, akawafukuza kwa mkono, akangoja tena. Halafu uso wake ukatulia, kama wa mtu aliyehesabu mara ya pili akapata jibu lilelile. Alikitia kiatu kwenye mfuko wa plastiki, akakitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akaingia kupika. Hakukiulizia tena. Hakugomba, hakununa. Alimpakulia chakula kama siku zote na kumwuliza Hisabati inaendaje, na Atupele, ambaye angetoa chochote apigwe hata kofi moja, alijibu inaendelea vizuri.

Ijumaa iliyofuata mvua ilikuwa imeikata njia ya kawaida pale njia panda, ikabidi wanafunzi wote wapite barabara ya malori. Imelda alimshika Atupele mkono, wakawa wanaruka madimbwi na kucheka. Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo. Kwa mbali, malori matano mbele yao, sauti ilikuwa inaimba mbalala, mbalala, ikipanda na kushuka.

Atupele alitaka wageuke, lakini nyuma yao kulikuwa na wenzao wengi na pembeni ni matope matupu. Wakaendelea. Malori manne. Matatu. Agnes akatokea kati ya matela mawili, beseni kichwani, uso wazi, akawaona.

Sauti ikakatika. Alilitua beseni chini polepole, akaivuta khanga kutoka mabegani, akajifunika kichwa chote. Kisha akatoka njiani, akachuchumaa akilitazama gurudumu la lori, mgongo kwao, akatulia vile mpaka wapite. Ndala zake zilikuwa zimejaa tope.

Imelda alisimama. "Si ndiye yule? Ndiye!" Akageuka akatazama mbele, akatazama nyuma, akimtafuta baba yake kati ya watu. "Mbona mshua hayupo hapa? Sasa anamkimbia nani?"

Atupele aliutazama ule mgongo. Angeweza kuugusa.

"Sijui," akasema, wakapita.